Mfagia Nyayo

Ukiwaambia watu wa siku hizi kwamba palikuwa na mtu aliyeajiriwa kufagia pori, wanacheka. Wanadhani uzee umekula akili yako. Waache wacheke. Mimi nilifanya kazi na mtu huyo miaka ishirini na sita. Dirisha la ofisi yangu lilitazama mahali pake pa kazi, na kila alichokisoma chini nilikiandika mimi.

Kituo chetu cha wanyamapori kilikuwa kando ya bwawa ambalo halikukauka hata kiangazi kikali. Kati ya bwawa na vichaka palikuwa na ukanda wa mchanga, upana wake hatua kumi, urefu wake mwendo wa nusu saa, kutoka kwenye tangi la maji mpaka kilima cha mawe. Tuliuita Mkeka. Mnyama aliyetaka kunywa hakuwa na njia nyingine, ilibidi aukanyage. Kila jioni, kabla jua halijagusa miti, Mfagiaji aliburuta juu ya Mkeka tawi la mgunga lililofungiwa jiwe. Alitembea kinyumenyume, ili tawi lifute na nyayo zake mwenyewe. Alipomaliza, mchanga ulikuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi, wala usingejua kwamba binadamu amepita hapo.

Alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, alipita pembeni mwa Mkeka akisoma. Halafu alikuja dirishani kwangu, mikono nyuma.

"Andika, Karani. Pundamilia thelathini na mmoja. Jike mmoja anachechemea, mguu wa mbele kushoto. Twiga wawili. Chui mmoja, hakunywa, alikuwa na shughuli na mtu wake."

"Mtu wake nani?"

"Ngiri. Huyo usimwandike, ameshakuwa marehemu."

Akisha kusema, alikwenda kufagia tena, maana alifagia asubuhi na jioni. Huo ndio ulikuwa utaratibu: soma, sema, fagia. Hakuna unyayo uliolala siku mbili kwenye Mkeka. Mwenyewe alisema mchanga wenye nyayo za jana ni kama mtu anayesimulia huku anatafuna, huelewi lipi ni lipi.

Herufi hata moja hakuijua. Mimi niliyejifundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sukari nilijiona msomi mbele yake, mpaka nilipomwona akichuchumaa, akigusa ukingo wa unyayo kwa kidole kidogo, akaniambia kwamba huyu ni pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, naye ana mimba, anaegemeza uzito nyuma. Miezi miwili baadaye tukamwona pofu na ndama wake. Tangu siku hiyo nilinyamaza.

Binadamu nao aliwasoma. Bwana Mkuu wa kituo aliwahi kumjaribu mbele yetu sote.

"Haya, mtaalamu, mimi jana nilifanya nini?"

"Nisamehe, bwana mkubwa. Jana ulikwenda chooni mara nne, na mara ya mwisho ulikwenda unakimbia."

Askari wa Tangi, aliyekuwa akilinda upande wa maji na ambaye hakujua kubana kicheko, aliangusha kofia yake kwenye vumbi. Kumbukeni kicheko hicho, maana kiliisha vibaya.

Zamani vifaru walikuwa wengi kwetu. Nilipoanza kazi nilichoka kuwaandika. Baadaye wakawa tisa, wakawa wanne, na kwenye madaftari yangu nafasi yao ikazidi kuwa ndogo mwaka hadi mwaka, mpaka akabaki mmoja jike na ndama wake. Ukwato wake wa katikati, mguu wa nyuma kushoto, ulikuwa na ufa, na ufa ule uliacha mstari kwenye mchanga kama uliochorwa kwa kisu. Tulimwita Bibi Ufa. Mfagiaji hakuwahi kumwona zaidi ya mara mbili au tatu, tena kwa mbali. Lakini alimjua kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta.

"Bibi hakulala vizuri," aliniambia. Au, "Leo Bibi ana haraka, mtoto anamchelewesha."

Sasa niseme habari za mdogo wake.

Walikuwa wawili tu, tumbo moja, na wazazi waliwaacha wadogo. Mfagiaji ndiye aliyemlea yule mwenzake. Siku moja, wakilima, jembe lilimponyoka kaka likakata kidole cha mwisho cha mguu wa kulia wa mdogo wake. Kilikatika kabisa. Mfagiaji aliniambia alikitafuta kile kidole kwenye udongo mpaka jua likazama, akidhani kinaweza kurudishwa. Tangu siku hiyo mdogo alikuwa na kaka asiyeweza kumnyima kitu. Akitaka shati, anapewa. Akigombana na watu, kaka anakwenda kuomba radhi. Alipokua hakushika kazi yoyote ya maana, ila jioni nyingi alikuja nyumbani kwa kaka yake kula, na wakiwa wanakula alipenda kuuliza.

"Kaka, leo Bibi alipita wapi?"

Na kaka, ambaye hakuna mtu mwingine nje ya kituo aliyejali kazi yake, alieleza. Alipita karibu na jiwe jeupe. Hupita hapo mwezi ukiwa mdogo. Mwezi ukiwa mkubwa huenda upande wa kilima. Alichora hata kwa kijiko mezani. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa pale nikala nao, nikamsikia akieleza, nikaona fahari usoni pake, na sikuona ubaya wowote. Hilo nalo liandikwe.

Asubuhi moja ya kiangazi Mfagiaji alikuja dirishani amechelewa. Mikono haikuwa nyuma. Ilishika tawi.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu, Karani. Upepo tu umecheza."

Nilitazama nje. Mkeka ulikuwa umekwisha kufagiwa mwanzo hadi mwisho, laini, hauna doa. Nilishangaa kidogo kwamba leo amefagia kabla ya kusema. Lakini nilimwamini kuliko nilivyoamini macho yangu, nikaandika tarehe na neno moja: Hakuna.

Siku ya pili tuliona tai wakizunguka. Bibi Ufa alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe jeupe, uso wake umechongwa kwa shoka, pembe hazipo. Sitaeleza zaidi. Nzi walikuwa wengi hata tulisikia mlio wao kabla hatujafika.

Wakubwa walikuja kuchunguza. Jambo la kwanza waliloomba ni daftari langu. Daftari lilisema hakuna aliyekanyaga Mkeka usiku ule; Bibi, walisema, alivuka kabla haujafagiwa jioni. Kama majangili hawakupita kwenye mchanga, basi walipita kwenye mawe karibu na tangi, na kama walipita kwenye tangi, basi mlinzi alilala au alilipwa. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Askari wa Tangi aliapa mpaka sauti ikamkauka. Walimvua sare pale pale uani, akaondoka na godoro lake kichwani, na baadhi yetu tulimpigia miluzi. Miaka michache baadaye tulisikia amekufa akivunja mawe kwenye machimbo ya watu. Mpaka mwisho, tuliambiwa, waliomjua walimwita Usingizi.

Lakini kilichoninyima raha si hayo. Ni yule ndama.

Usiku uliofuata kifo cha mama yake, ndama alikuja kwenye Mkeka peke yake. Mfagiaji alisoma: alitoka vichakani, akafika mahali mama yake alipozoea kuvukia, akasimama, akazunguka mara saba au nane, akarudi. Hakunywa. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu. Kila asubuhi Mfagiaji alinisomea hayo kwa sauti isiyopanda wala kushuka, nami nikaandika: Ndama, peke yake. Kila jioni alifagia pale pale, na kila asubuhi duara la nyayo ndogo lilikuwa limerudi, kama doa linalokataa kutoka kwenye kitambaa. Usiku wa nane hatua zilikuwa fupi, mguu unaburuzwa. Usiku wa tisa zilikuwapo na nyayo za fisi wanne.

Baada ya hapo hakuna.

Mfagiaji alifanya kazi miaka kumi na mmoja mingine. Alifika dirishani kila siku, akasema, nikaandika, lakini ule utani wake ulikuwa umekwisha. Kwenye jiwe jeupe alikuwa akifagia mara mbili. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mchanga wa pale hautulii. Jioni nyingine nilimwona amesimama katikati ya Mkeka, tawi mkononi, akitazama nyuma, yaani kule anakoelekea, kama mtu aliyeitwa.

Kisha zikaja kamera za kufungwa mitini. Wakaja vijana na vyeti vyao, wakasema mashine inapiga picha usiku na mchana wala haidai mshahara. Mkeka ukaachwa. Leo umeota magugu. Nawauliza, picha inakuonyesha pofu, sawa, lakini inakuambia kwamba hakulala vizuri? Wananitazama kwa huruma. Mfagiaji alipewa cheti cha utumishi mwema, naye hakuweza kukisoma. Nilimsomea mimi. Alisikiliza, akasema, "Hayo waliyoandika ni ya mtu mwingine," akakikunja.

Miguu yake ilipokufa, mdogo wake alimchukua akaishi naye. Mdogo alikuwa ameshakuwa mtu wa maana. Muda si mrefu baada ya kifo cha Bibi Ufa alikuwa amejenga nyumba ya bati na kufungua mashine ya kusaga, na aliyeuliza aliambiwa ni baraka tu.

Mwaka jana alinipigia simu yeye mwenyewe.

"Karani, shikamoo. Kaka anakuita. Hali yake si nzuri. Anasema uje na daftari."

"Lipi?"

"Anasema wewe utajua. La mwaka wa Bibi."

Nilikwenda kituoni. Kijana wa ofisini alinipokea na kile kioo chao cha kugusagusa mkononi.

"Babu, madaftari yale yako stoo, mchwa wanakula. Tulitaka kuyachoma. Unataka la nini?"

"Kuna mgonjwa anataka kusomewa."

"Kusomewa hesabu za pundamilia?" Alicheka, lakini hakuwa mtoto mbaya, alinishikia tochi. Mchwa walikuwa wamekula jalada na miezi miwili ya mwanzo. Kiangazi kilikuwa kizima. Alinitaka niweke sahihi na namba ya simu, nikaweka.

Niliwakuta jioni. Kitanda cha Mfagiaji kilikuwa kimesogezwa dirishani ili aone ua. Ulikuwa ua wa mchanga, umefagiwa vizuri. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti na beseni, anamwosha miguu, kama alivyofanya kila siku kwa mwaka wa tatu sasa. Nawaambia ukweli, alimwosha vizuri, kidole kwa kidole. Mkewe, shemeji yetu, alinipa kiti.

"Umekuja nalo?" Mfagiaji aliuliza. Alikuwa amebaki macho tu.

"Nimekuja nalo."

"Tafuta siku ile. Nisomee."

Nilifungua. Niliipata bila kutafuta sana. "Hakuna," nilisoma.

"Nani alisema hakuna?"

"Wewe."

"Futa."

"Wino haufutiki, ndugu yangu."

"Basi andika chini yake. Andika, Karani." Na sauti yake ikarudi ile ya dirishani, ya miaka ya nyuma kabisa. "Watu watatu. Wametoka vichakani, wamevuka mashariki ya jiwe jeupe, wakifuata nyayo za Bibi. Wawili wamevaa viatu vya tairi. Mmoja peku. Wa peku ndiye aliyetangulia, ndiye aliyejua njia. Mguu wake wa kulia una vidole vinne."

Maji kwenye beseni yalitulia. Mikono ya mdogo ilikuwa bado imeshika unyayo wa kaka yake, haisogei.

"Kaka," alisema.

"Usinikatize, nasoma. Karani, andika na hili. Mfagiaji aliziona. Alizifagia. Askari wa Tangi hakulala."

Niliandika. Nilikumbuka godoro lile kichwani, na mimi nikiwa mmoja wa waliopiga miluzi. Nilitamani nichukue lile beseni nimmwagie yule mtu usoni. Sikufanya kitu. Mimi ni mtu wa kuandika.

"Ulijua miaka yote hii?" mdogo aliuliza.

"Kidole hicho nilikikata mimi. Nisikijue?"

"Na ukakubali kuja kula kwangu?"

"Ningekula wapi? Mdomo ulioonyesha njia ni wangu. Kijiko kilikuwa changu." Alipumua. "Nilisema, nikimwambia Karani, watakuchukua. Nilishakukata mara moja. Nikashika tawi. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho akaja ndama."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia, hajui ampe nani. Mdogo akakichukua. Akamkausha kaka yake miguu, mmoja, halafu wa pili, akamfunika, akabeba beseni akatoka.

Nililala kwenye kochi la sebuleni. Kulipopambazuka Mfagiaji aliniita.

"Niinue."

Nilimwinua nikamwegemeza kwenye mto. Ua ulikuwa mweupe kwa mwanga wa kwanza, na kwenye mchanga, kutoka mlangoni mpaka langoni, palikuwa na mstari mmoja wa nyayo. Viatu vya mdogo vilikuwa kizingitini, vimepangwa sawasawa.

"Amekimbia," nilisema. Sikuona ajabu. Nimeishi muda mrefu mno kuona ajabu.

"Nyamaza, Karani, hujui kusoma." Alisogeza uso karibu na nondo za dirisha. Kwa muda hakupumua, nami nikaliona tena lile jicho lililomjua pofu mwenye mimba. "Mtu anayekimbia huchimba kwa vidole. Huyu amekanyaga kisigino. Alisimama hapo kwenye ndoo, akageuka kututazama. Akasimama tena langoni. Halafu amepinda kulia."

Kushoto ni stendi ya mabasi. Kulia hakuna kitu ila barabara ya kwenda kituoni.

"Andika," alisema.

Nikafungua ukurasa mtupu wa mwisho. Niliandika tarehe, na chini yake: Mtu mmoja, peku, mguu wa kulia vidole vinne. Kutoka mlangoni hadi langoni. Hakurudi.

"Ongeza: hakukimbia."

Nikaongeza.

Shemeji alitokea na ufagio, kama kila asubuhi, macho yamevimba. Aliinama pale penye hatua ya kwanza.

"Weka ufagio chini, shemeji," Mfagiaji alimwambia kupitia dirishani. "Leo usifagie."

Aliuweka. Siku nzima alipita kando ya ukuta asizikanyage, na jirani aliyekuja kusagisha alizungushwa nyuma ya nyumba. Adhuhuri simu yangu ililia. Alikuwa yule kijana wa kituoni, sauti imebadilika.

"Babu, kuna mzee hapa. Amekuja peku, miguu inavuja damu. Anasema ana habari za kifaru wa zamani na za askari mmoja aliyefukuzwa. Nimwandike wapi? Mfumo wetu hauna sehemu ya mambo kama hayo."

"Tafuta karatasi," nilimwambia. "Mwandike kwa mkono."

Nilimweleza Mfagiaji. Hakushangaa. "Mimi si nilishakusomea," alisema, na nusura atabasamu.

Aliishi siku tatu zaidi. Upepo ulikula nyayo zile kidogo kidogo, kwanza vidole, halafu visigino, naye alizitazama zikiisha. Jioni ya mwisho nilikuwa nimekaa kando yake na daftari mapajani. Nilidhani amelala.

"Karani."

"Nipo."

"Yule ndama. Usiku wa tisa alielekea wapi?"

Ukurasa ulikuwa wazi mbele yangu. Ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe, na maneno yalikuwa yake.

"Alikwenda bwawani," nilisema. "Akanywa, akaenda zake kilimani."

Alinitazama. Yeye ndiye aliyechuchumaa pale alfajiri ile, akagusa ukingo kwa kidole kidogo, akahesabu fisi.

"Haya," alisema. "Andika hivyo."

Sikuandika.